Kitambaa cha Tisa

Nyumba ya wageni, mji wa kiwanda cha saruji
6 Mei

Mpwa wangu Spana,

Salamu zangu zipokee kwa mikono miwili, kisha umpelekee mama yako fungu lake kabla hujasoma mstari mwingine. Dada yangu akigundua barua imesomwa yeye hayupo, atanuna hadi nirudi. Mimi mzima, ila sehemu ya kukalia imenikana tangu siku ya pili. Kinyozi naye mzima. Amekwisha nyoa vichwa kumi na vinne njiani, viwili kati yake vya askari waliotusimamisha kutukagua. Walianza kwa kukunja sura, wakaishia kugombania kioo cha pikipiki yake wajitazame.

Mwambie mama yako aache kulalamika kuhusu simu. Nimeiacha kwenye droo ya bisibisi makusudi. Ningekuja nayo mngeniuliza kila saa plagi za fulani ziko wapi, na mimi ningekuwa bado nipo gereji, nimebadilisha kiti tu. Ratiba yetu iko ukutani juu ya pampu ya upepo. Ukiandika, itume kwa basi kwenye ofisi ya vifurushi ya mji unaofuata, nami nitaipitia.

Miaka thelathini na saba nimetengeneza pikipiki za watu wanaokwenda ziwani. Wanaondoka wakipunga mkono, wanarudi na vumbi hadi kwenye kope, wanasimulia, na mimi nimeinamia mnyororo naitikia "ehe, ehe". Sikuwahi kuvuka daraja la pili. Sasa nimevuka saba.

Kuhusu pikipiki, naiita yako kwa sababu umeiunganisha wewe kutoka vyuma vitupu. Mpaka sasa inakwenda. Sisemi zaidi nisije nikakuvimbisha kichwa. Tulichokubaliana mbele ya mama yako na Kinyozi kiko palepale: ikinifikisha ziwani na kunirudisha, gereji ni yako. Ikinilaza njiani, jengo namwachia Muuza magodoro anayelimezea mate siku zote, na wewe utafute kazi kwa fundi mwingine mpaka uive. Ndiyo maana niliapa kutoigusa kazi yako kabla ya safari, mtu asije akasema ni mikono yangu iliyoifikisha.

La mwisho ni vitambaa vya kazi. Vihesabu: Tisa asubuhi, tisa jioni, kila kimoja kwenye msumari wake. Mama yako alitukatia kutoka shuka lake zuri la maua ya njano, kwa hiyo hata kwa heshima yake tu visipotee. Na unakumbuka injini ya mwalimu mkuu ilivyokufa kwa kitambaa kilichosahauliwa ndani. Kikikosekana kimoja, hakuna pikipiki inayotoka.

Mjomba wako, mwenye mgongo uliopinda kidogo


Gereji
15 Mei

Shikamoo Mjomba,

Barua yako imefika jana ikinuka samaki wa abiria mwingine. Mama alitaka pale pa askari parudiwe mara tatu, akacheka mpaka goti likamkumbusha kwamba lipo. Anasema kama sehemu ya kukalia imekukana, jaribu kuendesha umesimama. Mke wa Kinyozi amefungua kile kibanda cha kunyolea na ananyoa mwenyewe, na wateja wamekuwa wengi kuliko zamani. Usimwambie mwenye kibanda sasa hivi, amalize kwanza safari kwa amani.

Kazi ipo. Ile pikipiki ya muuguzi uliyoiita marehemu imefufuka, na mwenyewe kaondoka nayo juzi akipiga honi mtaa mzima. Muuza magodoro anakuja kunisalimu kila asubuhi. Mdomo unasema "habari za kazi", macho yanapima dari.

Mjomba, nitasema waziwazi kwa sababu kwenye karatasi huwezi kunikata kauli. Ninaitaka gereji hii. Miaka kumi na moja nimekuwa hapa, na kila spana naijua kwa kuipapasa. Asubuhi mliyoondoka nilikuja kufungua nikakuta mmekwisha kwenda. Nilisimama mlangoni muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Niambie pikipiki inavyopumua. Usiniambie "inakwenda". Punda naye anakwenda.

Spana


Ofisi ya vifurushi, mji wa reli
29 Mei

Spana mwanangu,

Marahaba. Nakuandikia nimesimama kaunta, karani amenikopesha kalamu na anaitazama kama mtu aliyemkopesha mtoto. Tumefika jana mvua ikitufuata mgongoni. Kinyozi ameanguka matopeni mara mbili, zote akiwa amesimama, pikipiki imezimwa. Salimia mama yako, mwambie ushauri wa kuendesha nimesimama nimeufuata, na watu wa njiani walidhani nahutubia.

Pikipiki umeniuliza inavyopumua. Inapumua kwa shida. Siku ya tano ilianza kutoa moshi mweusi. Siku ya nane ikawa mvivu kwenye kila kilima. Plagi nimeitoa nikaikuta nyeusi tititi, na petroli inaibugia. Kinyozi anaiita Bi Harusi kwa sababu inang'aa na haitaki kazi. Yeye ile yake, Kikohozi, haijafunguliwa tangu ainunue, inakohoa asubuhi hadi jioni, na inanipita kwenye vilima vyote huku mwenyewe akipiga mluzi.

Sitaki kusema ni kazi ya mikono yako. Nasema tu kwamba mikono yangu haikuigusa. Huenda ni petroli ya huku, au kabureta umeifunga kwa haraka.

Na hukunijibu kuhusu vitambaa.

Mjomba


Gereji
7 Juni

Shikamoo Mjomba,

Mama hajambo, ila kanuna. Amesikia habari za moshi mweusi na anasema alijua, ingawa hajasema alijua nini. Leo asubuhi amekuja kukaa kwenye kiti chako na kuwauliza wateja wana haraka ya kwenda wapi. Wawili wameahirisha safari zao.

Kabureta sikuifunga kwa haraka. Niliifunga siku nzima, mlango umefungwa, hata chai sikunywa. Moshi mweusi na plagi nyeusi maana yake injini haipati hewa. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo nikiwa bado nang'ata ile spana namba kumi iliyonipa jina. Kwa hiyo nakuuliza kama ambavyo ungeniuliza mimi: umefungua boksi la chujio la hewa?

Vitambaa vinahesabiwa kila asubuhi na kila jioni.

Spana


Nyumba ya wageni chini ya mlima
20 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba, na pole ya kukaa na mama yako gereji. Sisi wazima. Mwenye nyumba hii ni bibi mmoja mkali ambaye ametukataza kuingia ndani na buti. Kinyozi kamnyoa mumewe, tukaruhusiwa kuingia na buti, na hata kupewa mito miwili kila mmoja. Tutapanda baada ya wiki mbili, njia ikikauka. Mlima una kona arobaini, kisha mteremko, kisha ziwa. Naliwazia hadi nashindwa kula, na unajua mimi na chakula.

Bi Harusi hali yake mbaya. Kabureta nimeifungua mara tatu. Petroli nimebadilisha. Plagi nimenunua mpya. Chujio la hewa ni safi, sina haja ya kulifungua. Najua.

Usinielewe vibaya. Kuunganisha pikipiki nzima kutoka vyuma vitupu si mchezo, wengi wangeshindwa mapema zaidi. Huenda ulihitaji mwaka mmoja zaidi chini yangu, si aibu.

Mjomba


Gereji
28 Juni

Shikamoo Mjomba,

Leo salamu ni fupi, mama atanisamehe. Hajambo.

Umejuaje kwamba chujio ni safi? Sikuulizi kwa ubaya. Uliapa hukuigusa pikipiki, na njiani hujalifungua. Sasa umeliona wapi?

Usinijibu kama hutaki. Lakini nakuomba jambo moja, na sijawahi kukuomba kitu tangu nilipoomba unifundishe kazi. Kabla ya kupanda mlima, fungua boksi la hewa, toa chujio, ingiza mkono mpaka ndani kabisa. Natuma barua hii kwa basi la leo na nimemsihi dereva kwa mdomo wangu mwenyewe. Naomba ikuwahi.

Spana


Ziwani
14 Julai

Spana wangu,

Tumefika.

Nimekaa juu ya jiwe, miguu imo majini, suruali nimeikunja hadi magotini, na Kinyozi ameingia na nguo zake zote kwa sababu anasema zilihitaji. Watu wote wale waliokuwa wakinisimulia walinidanganya. Walisema ni kubwa. Hakuna aliyeniambia kwamba maji yanatoa sauti ndogo kwenye mawe, kama mtu anayekunywa chai ya moto taratibu. Mwambie mama yako nimelia kidogo. Mwambie pia ni upepo.

Barua yako ya tarehe 28 imenifikia leo, basi liliipitiliza ikaenda na kurudi. Swali lako nimelisoma.

Kwenye mlima pikipiki ilizima. Kinyozi alitufunga kamba nyuma ya Kikohozi akatuvuta kona kumi na sita zilizobaki. Fundi wa hapa aliitazama, lilikuwa jambo dogo, imepona. Basi hayo yamepita, tusiyachimbe. Huku samaki ni wengi na hali ya hewa nzuri sana.

Mjomba

Spana mwanangu, hapa ni mimi Kinyozi, nimepewa nafasi ya kusalimia. Salamu. Nimeapishwa nisiseme kitu, na mimi si mtu wa kumwaga mtama. Nasema tu kwamba nimecheka siku mbili mfululizo tangu nilipomvuta, na siku ya tatu nikaacha kucheka. Msalimie mke wangu, mwambie wateja wangu wanivumilie.


Gereji
27 Julai

Shikamoo Mjomba,

Nimefurahi umeliona ziwa. Nakwambia hilo kwanza kwa sababu ni kweli, na kwa sababu yanayofuata hayapendezi. Mama aliposikia kwamba umelia kwa upepo, naye upepo ukampata hapahapa ndani. Goti halijambo.

Lakini pale pa kuvutwa kwa kamba mama alipasimulia dukani kama kichekesho, na Muuza magodoro alikuwemo dukani. Jumanne amekuja na futi. Hakuuliza. Alisema makubaliano yenu anayajua, pikipiki imekulaza njiani, kwa hiyo anapima mapema kuokoa muda. Alipofika kwenye ukuta wa misumari alivishusha vitambaa vyote vya maua ya njano, akanipa nimshikie. Nilimshikia. Alipoondoka nikavirudisha kimoja kimoja.

Mjomba, vitambaa ni vinane.

Jumamosi jioni kabla hujaondoka nilivihesabu vikiwa tisa. Jumatatu asubuhi vilikuwa vinane, na mwenye ufunguo wa pili ni wewe peke yako. Mwanzoni nilifikiri umekichukua cha kufutia kioo. Uliponiandikia kuhusu moshi mweusi, nikaelewa. Ningeweza kuandika neno moja, kitambaa, na ungekuwa salama tangu mji wa reli. Sikuandika. Nilitaka useme mwenyewe kwamba ulinifuata nyuma kuikagua kazi yangu baada ya kuapa. Niliumia, na nikalikalia hilo umivu kama kuku anavyokalia mayai, huku wewe unapanda mlima. Kinyozi anasema siku ya tatu aliacha kucheka. Ulipata nini kwenye ule mlima? Kama uliumia, nusu ya kosa ni yangu, na nitalibeba.

Hilo langu nimelisema. Lako sikulazimishi. Ukinyamaza, Muuza magodoro ataingia mwezi ujao, na mimi nitamkabidhi funguo bila maneno, kwa sababu ni neno lako dhidi ya pikipiki yangu, na mtaani hakuna atakayeiamini pikipiki.

Mpwa wako


Ziwani, tena
8 Agosti

Spana,

Marahaba mara mia. Mwambie mama yako akae chini, asome hii mwenyewe kwa sauti. Akimaliza akaisome dukani.

Jumapili ile, ulipokwenda kumchukulia mama yako dawa ya goti, nilijifungia gereji nikaifungua pikipiki yako. Yote. Nilitafuta kosa saa nne nzima, kwa tochi, nimelala chali. Sikuona hata moja. Badala ya kufurahi nikaendelea kutafuta. Nilipotoa chujio nikaweka kitambaa ndani ya boksi kuzuia vumbi, kama tunavyofanya siku zote. Mara mama yako akagonga mlango akitaka chumvi, nami nikashtuka kama mwizi wa kuku, nikarudisha chujio, nikafunga, nikatoka na pikipiki bila kuhesabu chochote. Chujio nilijua ni safi kwa sababu nilikuwa nimelifuta mwenyewe.

Kwenye mlima ilizima kona ya ishirini na nne, na breki peke yake haikunitosha kwenye changarawe. Nilianza kurudi kinyumenyume, na nyuma yangu kulikuwa na lori la mbao. Kinyozi aliigeuza Kikohozi akaiweka ubavu nyuma ya gurudumu langu, na mguu wake ukawa katikati. Haukuvunjika, ulichubuka na kuvimba. Mimi sikuumia popote. Usibebe nusu ya kosa. Nusu yako ni ndogo kama kisoda, weka chini.

Sasa sikiliza lililo baya zaidi. Fundi wa huku ni mama mmoja mpole mwenye mikono mikubwa. Alifungua boksi la hewa kwanza kabisa, akakitoa kitambaa kwa vidole viwili, maua ya njano yamegeuka meusi, na watu wakacheka. Akauliza, "Nani ameiunganisha hii?" Kinyozi alifungua mdomo, nikamwahi. Nikasema, "Mpwa wangu." Yule mama akatikisa kichwa, akasema, "Mwambie aongeze umakini." Nami nikaitikia. Nilikubali uvunjiwe heshima mbele ya watu nisiowajua, ili nibaki fundi mkuu mbele ya hao hao nisiowajua. Hapo ndipo Kinyozi alipoacha kucheka.

Barua yako nimeipokea tukiwa tumekwisha rudi chini ya mlima, mwendo wa siku mbili. Niliisoma mara moja tu. Kinyozi alivaa kofia yake akaelekeza Kikohozi mlimani. Tumerudi ziwani kona zote arobaini, na Bi Harusi amepanda bila kukohoa wala kutoa moshi, ameipita Kikohozi kona ya kumi na hatukuiona tena mpaka juu.

Yule fundi nilimkuta anaziba pancha. Watu walikuwepo, nashukuru walikuwepo. Nikamwambia, "Kile kitambaa kilikuwa changu. Yeye hakukosea hata nati." Akauliza kama nimerudi mlima wote ule kwa ajili ya hilo tu. Nikamwambia ndiyo. Akasema nimpeleke huyo mpwa, ana nafasi ya fundi wa namna hiyo.

Nikamwambia haiwezekani. Ana gereji yake.

Ndani ya kifurushi hiki kuna kitambaa. Nimekifua kwa sabuni mara tatu na bibi wa nyumba ya wageni amekipiga pasi. Kitundike. Ufunguo wangu pia umo, umefungwa kwenye pindo. Muuza magodoro mpe salamu na umrudishie futi yake kama ameisahau. Tunaanza safari ya kurudi kesho, taratibu, kwa sababu ya mguu wa Kinyozi na kwa sababu njia hii sikuitazama vizuri nilipokuwa naisingizia petroli.

Nina ombi. Nikifika nitahitaji kazi. Nina uzoefu wa miaka thelathini na saba na doa moja. Kama una nafasi ya msaidizi, nifikirie.

Mjomba wako


Gereji
17 Agosti

Shikamoo Mjomba,

Mama ameisoma hapa, kisha dukani, kisha kwa mke wa Kinyozi, na leo anaulizia kama kuna nyumba ameisahau. Anasema chumvi yenyewe hukumpa. Mke wa Kinyozi anamwambia mumewe asiharakishe mguu, kibanda kiko kwenye mikono salama, na atakaporudi atapangiwa zamu.

Muuza magodoro amekuja kuchukua futi yake. Amenipa mkono vizuri, na akaacha pikipiki yake nimtazamie breki. Kitambaa nilikitundika nikakaa kwenye kiti chako nikikitazama. Halafu nikalia, na gereji hii haina upepo.

Nafasi ya msaidizi ipo. Kazi inaanza saa mbili asubuhi, na asiyewahi anafagia. Kazi ya mwenzako hutaigusa mpaka uulize. Msumari wako ni wa tisa.

Vitambaa nahesabu mimi.

Spana